Wakala Asiyekataa Mtu

Karibu kila parokia ya mjini ina binti mmoja mrefu, mwembamba, ambaye kila anayekutana naye humwambia kwamba angefaa kuwa mwanamitindo. Anaambiwa harusini, anaambiwa sokoni, anaambiwa na shangazi zake siku ya kipaimara. Halafu siku moja anaambiwa na mtu asiyemjua kabisa, kwa ujumbe wa Instagram: "Habari mrembo, sisi ni mawakala wa wanamitindo. Tumeona picha zako. Una vigezo vyote." Wapo na vijana wa kiume wanaopata ujumbe kama huo, ingawa ni wachache zaidi na huona aibu kusimulia.

Kinachofuata baada ya ujumbe huo ndicho ninachotaka tukijadili. Katika mazingira yetu ya Kanisa, mtu akitaja uanamitindo mazungumzo huenda moja kwa moja kwenye mavazi: nguo fupi, mgongo wazi, staha. Sisemi mazungumzo hayo hayana nafasi. Nasema yametuchukulia muda wote, kiasi kwamba hakuna aliyebaki kumwuliza yule binti maswali ambayo baba yeyote angemwuliza mwanawe anayekwenda kufanya kazi mgodini: anayekuajiri ni nani, atakulipa nini, na yeye mwenyewe analipwa na nani? Maoni yangu ni kwamba hatari kubwa inayomkabili kijana anayetaka kazi hii haiko jukwaani. Iko kwa wakala, na inapata nafasi kwa sababu kijana anafika kwa wakala akiwa peke yake.

Tuanze na wakala mwenyewe, maana wengi wetu tunamsikia tu. Kampuni inayotaka kutangaza nguo, sabuni au mtandao wa simu haipigi simu nyumbani kwa mtu. Inampigia wakala na kusema inataka wasichana watatu na kijana mmoja wa kiume, wa umri fulani na kimo fulani, kwa siku mbili. Wakala anatuma picha na vipimo vya watu alionao, kampuni inachagua, wakala anapatana bei, anakusanya malipo, anatoa kamisheni yake, kisha anamlipa mwanamitindo. Katika miji mikubwa ya mitindo kama London na New York, kamisheni iliyozoeleka ni asilimia 20 ya malipo ya mwanamitindo, na mara nyingi wakala humtoza pia mteja ada yake juu ya hapo. Nyumba kubwa za mitindo huko hupata wanamitindo wao karibu wote kupitia mawakala. Ukibisha hodi mwenyewe na picha zako mkononi, utaelekezwa kwa wakala.

Yupo pia anayeitwa wakala mama. Huyu ndiye anayemwona kijana kwanza, iwe Mwanza, Arusha au Nairobi. Anamfundisha kutembea, anampiga picha za mwanzo, kisha anamtafutia wakala mkubwa nje ya nchi. Akimpata, huendelea kupokea sehemu ya mapato ya kazi ambazo kijana anafanya huko. Ni kazi halali. Akiifanya kwa uaminifu anakuwa kama mjomba mwenye uzoefu wa mji asioujua mpwa wake. Asipokuwa mwaminifu, yeye ndiye wa kwanza kumwuza mpwa.

Mlango wenyewe ni mwembamba. Mawakala wakubwa wa nje hutafuta wasichana wenye kimo cha kuanzia kama sentimita 175 na wavulana wa kuanzia kama sentimita 185, kwa sababu nguo za maonesho hushonwa kwa kipimo kimoja kabla haijajulikana nani atazivaa. (Hapa seminarini tunao mafrateri wawili watatu wanaofikia kimo hicho, ila wito wao ni mwingine.) Lakini kuomba hakuna gharama. Kinachotakiwa mwanzoni ni picha chache za simu zilizopigwa kwenye mwanga wa dirisha, bila vipodozi, nywele zikiwa zimebanwa nyuma, pamoja na vipimo vya mwili. Mawakala wengi wakubwa hupokea picha hizo kwenye tovuti zao bila kutoza chochote. Wengi wanaoomba hukataliwa, na wengi zaidi hawajibiwi kabisa.

Naomba tukae kidogo hapo kwenye kukataliwa, kwa sababu vijana wengi hulichukulia kama dharau, wakati ni dalili ya kwanza kwamba uko mbele ya mtu mkweli. Wakala anayeishi kwa asilimia 20 ya malipo yako hali chakula mpaka wewe upate kazi. Akikuchukua na hakuna mteja atakayekutaka, amepoteza muda wake na simu zake. Kwa hiyo hukataa. Hukataa warembo wa kweli, hukataa wenye nidhamu, hukataa hata ambao miaka miwili baadaye wakala mwingine atawachukua. Yule anayeishi kwa ada ya kujiandikisha hana sababu ya kumkataa yeyote. Kwake binti wa sentimita 160 na binti wa sentimita 178 wana thamani moja, nayo ni ile hela watakayotuma. Ndiyo maana kila aliyempelekea picha "amechaguliwa", na amechaguliwa siku hiyo hiyo, na nafasi zimebaki mbili.

Hapa nyumbani tatizo lina mzizi wake, na si haki kuwatupia lawama matapeli peke yao. Soko letu la mitindo ni dogo. Tunayo majukwaa ya heshima. Swahili Fashion Week, iliyoanzishwa na mbunifu Mustafa Hassanali mwaka 2008 jijini Dar es Salaam, imewapa wabunifu na wanamitindo wengi mahali pa kuonekana. Lakini kazi zinazolipa vizuri ni chache: matangazo ya benki, ya simu, ya vinywaji, basi. Nyingine ni video za muziki na maonesho ya wabunifu ambao nao wanahangaika, na mwisho wa siku mwanamitindo hupewa nauli, soda na ahadi ya kwamba "utajulikana". Asilimia 20 ya nauli haiwezi kulipa pango la ofisi. Wakala aliyeanza kwa nia njema huona baada ya miezi kadhaa kwamba wateja hawamlishi, na kwamba kuna kundi lingine mlangoni lililo tayari kulipa, nalo ni vijana wenyewe. Anaanza na ada ya fomu. Inafuata ada ya mafunzo ya kutembea, kisha ada ya picha, ambazo lazima zipigwe na mpiga picha wake. Pole pole biashara imegeuka: mwanamitindo ndiye mteja, na wakala hana tena haja ya kumtafutia kazi. Hapo umbali kati ya wakala aliyekata tamaa na tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ni mdogo sana.

Katika mwaka wangu wa kichungaji, binti mmoja wa kundi la vijana alinifuata baada ya mazoezi ya kwaya, akanyoosha simu yake. "Frateri, naomba unisomee hii, Kiingereza chake kigumu." Ulikuwa mkataba wa kurasa tisa. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo. Niliusoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Mkataba ulikuwa wa miaka saba. Kamisheni ilikuwa asilimia 40, tena kwa kazi yoyote ya picha au jukwaa, hata ile atakayoitafuta mwenyewe. Picha zote zingekuwa mali ya wakala milele, kwa matumizi yoyote. Akitaka kujitoa, angelipa faini ya shilingi milioni tano. Nikatafuta mahali palipoandikwa atalipwa lini baada ya kufanya kazi. Hapakuwepo. Neno "malipo" lilionekana mara nyingi, na kila mara mlipaji alikuwa yeye.

Nikamwuliza kama ameshatoa chochote. Alisema mama yake ametoa 150,000 ya picha, fedha ya VICOBA, na iliyobaki 250,000 inatakiwa kabla ya Ijumaa. Nilimwomba aje na mama. Mama alikuja, akiwa mkali kidogo, akidhani ninataka kumzuia binti yake kwa sababu za dini. "Frateri, nyie mngependa wote wawe masista," aliniambia. Sikumlaumu, maana amesikia mengi mimbarini. Tulikaa barazani, tukatafsiri kifungu kwa kifungu. Tulipofika kwenye ile faini alinyamaza, kisha akauliza, "Yaani mtoto akiugua miaka miwili, bado anadaiwa?" Ndivyo ilivyoandikwa. Binti alimpigia wakala palepale, akamwuliza kwa adabu kwamba mwaka huu amewapatia kazi wasichana wangapi na kwa kampuni zipi. Akajibiwa kwamba wenye maswali mengi hawafiki mbali, na wapo wengine wanaoitaka nafasi hiyo. Kesho yake namba yake ilikuwa imezuiwa. Zile 150,000 hazikurudi.

Naandika kisa hicho kwa sababu ya yale maneno ya mama kuhusu masista. Binti alikuwa na mkataba huo kwa siku kumi na moja. Katika siku hizo alihudhuria jumuiya, alihudhuria Misa mbili, alifanya mazoezi ya kwaya mara nne. Alizungukwa na watu wazima wenye akili zao, mmoja wao mwalimu wa Kiingereza na mwingine karani wa mahakama. Hakumwonyesha hata mmoja. Alijua jibu litakalotoka kabla hawajafungua ukurasa wa kwanza: tumekuambia hiyo kazi ni ya wahuni. Kwa lugha nyingine, tapeli alikuwa na mshirika asiyemlipa, na mshirika huyo ni ukali wetu. Tunamwaibisha kijana, naye anakwenda kwa siri, na mahali pa siri ndipo matapeli wanapofanyia kazi.

Tena tuna kigeugeu. Kwenye harambee za parokia tunaandaa maonesho ya mavazi, wasichana hao hao wanapita mbele ya meza kuu na vitenge vya WAWATA, tunapiga vigelegele na kutunza fedha. Wiki inayofuata mmoja wao akisema anataka kuifanya kazi hiyo kwa malipo, tunamtazama kana kwamba ameanguka.

Wengine watasema kwamba shida ni mawakala wetu wa mitaani, na kwamba kijana akifika kwa wakala mkubwa wa Ulaya amepona. Hapana. Mwezi Oktoba 2023 gazeti la The Sunday Times la Uingereza lilichapisha uchunguzi kuhusu vijana wakimbizi wa kambi ya Kakuma, kule Turkana kaskazini mwa Kenya, wengi wao wenye asili ya Sudan Kusini. Kuna sababu wasaka vipaji huitazama kambi ile. Adut Akech, ambaye ni miongoni mwa wanamitindo wanaojulikana zaidi duniani leo, aliishi Kakuma utotoni kabla familia yake haijahamia Australia. Kabla yake Alek Wek, mkimbizi kutoka Sudan, alionwa sokoni jijini London mwaka 1995 na kubadili kabisa sura ya majarida ya mitindo. Kwa hiyo msichana wa Kakuma akiambiwa anaweza, anaambiwa jambo ambalo limewahi kutokea. Gazeti lilieleza jinsi vijana walivyopelekwa Ulaya, wakazungushwa kwenye usaili, na baadhi yao wakarudishwa kambini baada ya muda mfupi wakiwa hawana fedha, huku wakiambiwa wanadaiwa maelfu ya euro za viza, tiketi na malazi.

Mtu wa nje akisikia hivyo hufikiri ni wizi wa kipekee. Wenyewe kwenye biashara hii wanajua kwamba deni la namna hiyo ni utaratibu wa kawaida. Wakala hutanguliza gharama: viza, ndege, kitanda kwenye nyumba wanayolala wasichana wengi pamoja, picha, wakati mwingine hela ya mfukoni. Kisha kila anachopata mwanamitindo kinakwenda kwanza kulipa deni hilo. Tuseme gharama zimefika euro 3,000. Kijana anapata kazi tatu za euro 500 kila moja, jumla 1,500. Inatoka kamisheni ya asilimia 20, yaani 300. Zinabaki 1,200, na zote zinaingia kwenye deni. Amefanya kazi kwa wiki sita, picha yake iko dirishani kwa duka fulani, nyumbani wanamwona kwenye simu na kufurahi, naye bado anadaiwa 1,800 na hajatuma hata senti kwa mama. Iwapo wakala ataamua msimu umeisha, anarudi na deni lake. Hakuna sheria iliyovunjwa katika hesabu hiyo. Kila gharama imeandikwa, na yeye amesaini.

"Si alisaini mwenyewe?" Swali hilo nimelisikia hata kwa wenzangu darasani. Wenzangu mafrateri, tumesoma Rerum Novarum ya Papa Leo XIII, ya mwaka 1891. Humo alifundisha kwamba makubaliano peke yake hayatoshi kuufanya ujira kuwa wa haki, na kwamba mfanyakazi anayekubali masharti magumu kwa kusukumwa na shida, kwa kuwa mwajiri hampi njia nyingine, ameonewa. Alikuwa akiwafikiria wafanyakazi wa viwanda vya zama zake. Sioni kwa nini mafundisho hayo yasimfikie msichana wa miaka 18 aliyetia saini kurasa za lugha asiyoijua akiwa uwanja wa ndege.

Na wenye biashara wenyewe wameanza kulazimika kukiri. Jimbo la New York lilipitisha sheria ya wafanyakazi wa mitindo iliyosainiwa Desemba 2024 na kuanza kutumika tarehe 19 Juni 2025. Haikutoka hewani: chama cha Model Alliance, kilichoanzishwa mwaka 2012 na Sara Ziff, aliyekuwa mwanamitindo yeye mwenyewe, kiliipigania kwa miaka. Sheria hiyo inawataka mawakala wajisajili serikalini, iweka kamisheni isizidi asilimia 20, inakataza kumtoza mwanamitindo ada au amana kama sharti la kumchukua, inakataza kumfunga kwa mkataba unaozidi miaka mitatu, na inamlazimisha wakala kutanguliza maslahi ya mwanamitindo. Ufaransa kwa muda mrefu imemhesabu mwanamitindo kuwa mfanyakazi aliyeajiriwa, na wakala hawezi kufanya kazi bila leseni. Nimeuweka ule mkataba wa kurasa tisa sambamba na sheria ya New York. Haupiti hata kifungu kimoja kati ya hivyo.

Je, sisi hatuna sheria? Tunazo, ila hazikuandikwa kwa kumfikiria mwanamitindo. Wakala binafsi wa ajira nchini anatakiwa awe na leseni. Anayefanya shughuli za sanaa anatakiwa atambulike BASATA. Jina la kampuni linaweza kutafutwa kwenye mfumo wa BRELA kwa dakika chache, na ni ajabu jinsi "kampuni ya kimataifa" nyingi zisivyoonekana humo. Aliye chini ya miaka 18 hana uwezo kisheria wa kujifunga peke yake kwa mkataba wa namna hii, kwa hiyo wakala anayemwambia mtoto wa kidato cha tatu asimshirikishe mzazi amekwisha kujieleza. Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Binadamu ya mwaka 2008 ipo pia. Kila tarehe 8 Februari, siku ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, tunasali kwa ajili ya wahanga wa biashara hiyo, na nina hakika wengi wetu tukisali tunamwona akilini binti anayekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Binti anayekwenda Ulaya kupigwa picha hatumwoni, kwa sababu tunadhani amekwenda kwenye starehe.

Kuna jambo moja ambalo sipendi kuliandika lakini makala hii haingekuwa ya kweli bila hilo. Mawakala wengine hawaombi fedha. Wanaomba usiku mmoja. Au wanaanza kwa kuomba picha za nguo za ndani "kwa ajili ya vipimo", kisha picha hizo zinakuwa kamba ya kumvutia msichana, na mara nyingine mvulana. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinasema mtu mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira au upendeleo ametenda kosa. Namba ya TAKUKURU ni 113, na kuipiga ni bure. Lakini ili binti apige 113 lazima kwanza aamini kwamba ametendewa kosa. Kama kwa miaka mitatu amesikia parokiani kwamba anayeingia kazi hiyo amejitakia, ataona kilichompata ni malipo ya uchaguzi wake. Atanyamaza. Na wakala atatuma ujumbe kwa mwingine: habari mrembo.

Mfano unaotajwa na kila mtu ni Flaviana Matata, na unastahili kutajwa, ila tuutaje wote. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kushiriki Miss Universe, mwaka 2007 huko Mexico, akafika kumi bora akiwa amenyoa kichwa, kisha akafanya kazi New York kwa miaka mingi. Wanaomtaja huishia hapo. Mimi navutiwa na jambo lililotangulia: alikuwa amesomea uhandisi wa umeme pale Arusha Technical College. Simjui, na siwezi kusema alifikiri nini alipokaa na mawakala. Ninachosema ni kwamba msichana mwenye cheti cha fundi umeme mkononi anaweza kukataa mkataba mbaya na kesho yake akawa na pa kwenda. Aliyeuza cherehani ya mama ili alipie picha hawezi. Kwa hiyo ninapokutana na kijana mwenye ndoto hii simwambii aiache. Ninamwuliza anasoma nini au anajifunza ufundi gani wakati akisubiri. Miaka ya mwanamitindo ni michache hata kwa aliyefanikiwa, na wakala anaijua hesabu hiyo kuliko yeye.

Ombi langu kwa VIWAWA na kwa viongozi wa jumuiya ni dogo. Mara moja kwa mwaka, mnapokuwa na semina ya vijana, tafuteni mwanasheria miongoni mwa waamini, karibu kila parokia ya mjini inao, aje na mikataba halisi iliyofutwa majina, ya wakala wa wanamitindo, ya studio ya muziki, ya ajira za nje, na vijana waisome kwa sauti. Isiwe semina ya maadili, hizo tunazo za kutosha. Iwe semina ya kusoma karatasi. Yule karani wa mahakama wa kwaya yetu alipopata habari baadaye alisikitika kwamba hakuulizwa. Sasa anafanya hivyo kila Jumapili ya pili ya mwezi, baada ya Misa ya pili, kwenye chumba cha katekesi, na wanaokuja si wasichana warefu tu. Wanakuja madereva, wanakuja wapishi wanaokwenda Oman, alikuja na mchezaji wa mpira mwenye miaka 17 pamoja na baba yake.

Nanyi mafrateri, ambao baada ya miaka michache mtakuwa maparoko wasaidizi mahali fulani: siku binti atakapokuja na kurasa zake, mwite na mzazi au mama wa jumuiya, kaeni barazani panapoonekana, na someni. Tafuteni kwanza kifungu kinachosema nani atalipa gharama iwapo kazi hazitapatikana. Mara nyingi hakiko ukurasa wa mbele. Kiko kwenye viambatisho, kwa herufi ndogo, chini ya kichwa kama "mengineyo", na wakati mwingine viambatisho hivyo havikutumwa kabisa, ikabidi viombwe.